Kihisi Kimoja, Miili Miwili: Tunavyozilinganisha Vibaya Kamera za Mseto

Septemba 2025 Nikon ilitangaza ZR, kamera ya video ambayo ndani yake mna kihisi kile kile cha megapikseli 24.5 kilichokuwa kwenye Z6III tangu mwaka uliotangulia. Wiki hiyo hiyo Canon ikatoa C50, kamera ya sinema yenye kihisi kipya cha megapikseli 32, na ilipofika Novemba kihisi hicho kikajitokeza tena ndani ya R6 Mark III, kamera iliyoumbwa kwa ajili ya mpiga picha mnato. Mazungumzo yaliyofuata yalielemea pande mbili. Upande mmoja unasema kampuni zimeikatia tamaa kamera ya mseto, ile inayopiga picha mnato na video kwa pamoja, na sasa zinarudi kwenye desturi ya zamani ya kila kazi na chombo chake. Upande wa pili unasema tunauziwa kitu kimoja mara mbili, kwamba kilichobadilishwa ni ganda na programu tu.

Naona pande zote mbili zimesoma ishara vibaya. Pacha hawa hawatangazi kifo cha kamera ya mseto, wala si ujanja mtupu wa wauzaji. Wanatuonyesha kwamba mpaka kati ya picha mnato na video umehama: zamani ulikuwa kwenye kihisi, ile sahani ndogo inayopokea mwanga, leo umehamia kwenye mwili unaokizunguka, yaani kwenye joto, nafasi, kitazamio, shata (pazia linaloamua mwanga uingie kwa muda gani) na vitufe. Ikiwa ni hivyo, majedwali tunayoyatumia kulinganisha kamera hizi, yenye safu za megapikseli, 8K na idadi ya fremu kwa sekunde, yanapima mahali ambapo tofauti imekwisha kupungua na kuruka mahali ilipo. Kinachostahili kupimwa kwenye kamera ya mseto ni gharama ya kuvuka: kamera inapoteza nini, na mtu aliyeishika anapoteza nini, kazi inapobadilika kutoka picha kwenda video na kurudi.

Ndoa hii ilianza 2008. Agosti mwaka huo Nikon ilitoa D90, DSLR (kamera ya picha yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) ya kwanza kurekodi video, tena ya mistari 720 na isiyozidi dakika tano kwa mkupuo. Mwezi uliofuata ikaja Canon 5D Mark II, iliyorekodi mistari 1080 kwenye kihisi cha fremu kamili, milimita 36 kwa 24. Walengwa hawakuwa watu wa sinema. Walikuwa wapiga picha wa habari, ambao wahariri wao walianza kuwadai kipande cha video cha kuweka kwenye tovuti. Watu wa sinema waliivamia kamera ile wenyewe, kwa sababu kihisi kikubwa kiliwapa ule ukungu laini nyuma ya uso wa mwigizaji ambao awali ulidai mitambo ya gharama kubwa, na kelele zao ndizo zilizoifanya Canon ilete fremu 24 kwa sekunde kupitia sasisho la 2010. Hata kikomo cha dakika 30 kilichodumu miaka mingi kwenye kamera za picha, ambacho wengi walidhani ni cha joto, kwa kiasi kikubwa kilitokana na ushuru wa Umoja wa Ulaya uliohesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza zaidi. Nalitaja hili kwa sababu tabia ya kuisoma kamera kwa tarakimu zake, bila kuuliza tarakimu imetoka wapi, ni ya siku nyingi.

Katika zama hizo tofauti ilikuwa kwenye kihisi kweli. 5D Mark II ilikuwa na megapikseli 21 na haikuweza kuzisoma zote mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo iliruka mistari. Matokeo yalikuwa mawimbi ya rangi za uongo kwenye vitambaa vyenye mistari na kwenye vigae vya paa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Video ya 4K ina upana wa pikseli 3840. Ukiitaka kutoka kihisi chenye umbo la tatu kwa mbili, unahitaji pikseli 3840 kwa 2560, kama megapikseli 9.8. Ndiyo maana Sony A7S ya 2014 na wadogo zake walibaki kwenye megapikseli 12: pikseli chache, zinazosomwa zote, bila kuruka. Video ya 8K ina upana wa 7680, na hesabu ile ile inadai karibu megapikseli 39, kwa hiyo Canon R5 ya 2020 ikawa na 45. Aliyetaka picha kubwa ya kuchapisha na aliyetaka video safi walikuwa wakihitaji sahani mbili tofauti, na kila kampuni ililazimika kuchagua imkwaze nani.

Kilicholegeza fundo hilo ni kasi ya kusoma. Sony A9 ya 2017 ilileta kwenye fremu kamili kihisi cha matabaka, chenye kumbukumbu iliyobanwa nyuma ya pikseli ili data itoke upesi. Mwaka 2021 Sony A1 ikaunganisha megapikseli 50, fremu 30 za picha mnato kwa sekunde na video ya 8K katika mwili mmoja, na mwishoni mwa mwaka huo Nikon Z9 ikathubutu kuondoa kabisa shata ya kimakanika, kwa sababu kihisi chake husomwa chote kwa takriban 1/270 ya sekunde. Tangu hapo teknolojia hiyo imekuwa ikishuka kwenda kamera za daraja la kati kwa njia ya vihisi vyenye matabaka nusu, kama cha Z6III, ambacho Nikon yenyewe ilisema husomwa mara 3.5 haraka kuliko cha mtangulizi wake. Kihisi kimoja sasa kinaweza kutumikia mabwana wawili bila kumwaibisha yeyote. Na hapo ndipo mgogoro ulipohamia kwenye mwili.

Watazame pacha wa Canon. R6 Mark III ina kitazamio cha kuweka jichoni, ina shata ya kimakanika, na kihisi chake kinaelea kwenye sumaku ili kutuliza mtikisiko wa mikono. Haina feni. C50 ina feni, ina matundu ya XLR, ya kuchomekea maikrofoni za kitaalamu, kwenye mpini wa juu, haina kitazamio, na kihisi chake kimetulia pale kilipofungwa. Hiyo si orodha ya mapambo. Kihisi kinachoelea kimeshikwa na vitu vichache sana, na joto halina njia nzuri ya kutoka. Kihisi kilichokazwa kwenye chuma hutoa joto lake kwa urahisi. R5 ya 2020 ilitufundisha hilo hadharani: ilitangazwa kwa 8K, kisha ikajulikana kwamba baada ya kama dakika 20 za 8K inajizima ili ipoe. Video ghafi ya kamera ile ilikuwa ikitiririka kwa megabiti 2600 kwa sekunde, karibu gigabaiti 20 kila dakika, na kazi yote hiyo ya kichakato inageuka kuwa joto ndani ya boksi lililofungwa lisiingie vumbi wala mvua. Canon ilipotoa R5 C mnamo 2022 iliongeza feni na kuondoa utulizaji wa kihisi.

Nikon imeuchora mstari mahali pengine. ZR imebaki na kihisi kinachoelea, haina feni, imetupa kitazamio na shata ya kimakanika, na nyuma imewekewa skrini ya inchi nne. Faida yake kubwa haionekani kwa macho: inarekodi R3D NE, faili ghafi ya ukoo wa RED, kampuni ya kamera za sinema ambayo Nikon iliinunua 2024. Sony nayo, kwenye FX2 ya Mei 2025, ilichukua kihisi cha megapikseli 33 cha ukoo wa A7 IV, ikaweka feni, ikabaki na utulizaji wa kihisi, na safari hii ikakirudisha kitazamio kinachoinuka juu. Kampuni tatu, mistari mitatu tofauti. Kama kamera ya mseto ingekuwa inagawanyika kwa sababu ya kanuni fulani ya asili, zingekata mahali pamoja.

Sababu halisi ya pacha ni uchumi. Takwimu za CIPA, umoja wa watengenezaji wa kamera wa Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 zilisafirishwa kwenda sokoni. Mwaka 2023 hazikufika milioni nane. Simu zilikula zilizobaki. Kusanifu kihisi kipya na kichakato chake ni gharama ambayo soko dogo haliwezi kuibeba kupitia mwili mmoja, hivyo kihisi kikishalipiwa kinatiwa kwenye miili kadhaa. Sony ilikwisha fanya hivyo ilipoitoa FX3 mapema 2021 kutoka kwenye matumbo ya A7S III, na hakuna aliyesema A7S III imekufa. Anayeona jambo hili kama habari mpya ya 2025 amechelewa miaka minne.

Sasa turudi kwenye gharama ya kuvuka, na tuanze na mwanga, maana hapo picha mnato na video zinagombana hata kabla kamera haijawashwa. Mpiga picha anayetaka kumgandisha mchezaji hupiga kwa 1/1000 ya sekunde au zaidi. Video inayotiririka vizuri machoni hutaka kila fremu ipokee mwanga kwa karibu nusu ya muda wake. Kwa fremu 25 kwa sekunde, ni 1/50. Kwenye jua kali, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ikiwa 100 na tundu la lenzi likiwa dogo, f/16, shata inayofaa ni kama 1/100. Fungua tundu hadi f/2.8, hatua tano ambazo kila moja huzidisha mwanga mara mbili, na shata inapanda mpaka 1/3200. Kwa picha mnato hakuna neno. Kwa video unapaswa kurudi 1/50, maana yake upunguze mwanga mara 64. Ukirekodi kwa logi, ile picha ya kijivujivu inayohifadhi mwanga mkali na vivuli hadi wakati wa kupaka rangi, na ISO yake ya chini ikawa 800, punguzo linalohitajika linafika mara 512. Hakuna menyu inayotatua hilo. Kinachotatua ni filta ya ND, kioo cheusi mbele ya lenzi, na kila unapobadilisha kazi unakifunga au unakifungua kwa vidole huku tukio likiendelea bila kukusubiri.

Kwa nini basi wasikiweke kioo hicho ndani? Jibu ni milimita. Kati ya mdomo wa lenzi na kihisi, Nikon Z ina milimita 16, Sony E ina 18, Canon RF ina 20. Katika mwanya huo mmoja zinagombania nafasi shata ya kimakanika, uwanja wa kihisi kinachoelea na filta yoyote utakayotaka kuipenyeza. Sony FX6 imeweza kuweka ND ndani yake, tena inayobadilika taratibu kwa umeme, lakini kihisi chake hakielei na mwili wake ni mnene. Walio na lenzi za zamani za Canon EF wana njia ya pembeni: EF ilihitaji milimita 44, kwa hiyo adapta ya kuipeleka kwenye RF ina urefu wa milimita 24, na Canon hutengeneza adapta yenye filta ndani ya uwazi huo. Kwa maoni yangu adapta hiyo imefanya zaidi kwa mtu anayevuka kati ya kazi mbili kuliko 8K yote iliyotangazwa tangu 2020, na huioni kwenye jedwali la kulinganisha.

Hoja yangu ina mahali inapokwama, na nisipopataja nitakuwa namlaghai msomaji. Nimesema kihisi sasa kinatumikia mabwana wawili, ila mmoja wao analipa kodi kimyakimya. Z6III ilipotoka, wapimaji huru waliona kwamba kwenye ISO za chini kihisi chake cha kasi kina vivuli vyenye chembechembe zaidi kuliko cha Z6II kilicho cha polepole. Ukipandisha ISO tofauti hiyo inayeyuka. Sony A9 III iliyotangazwa Novemba 2023 ilikwenda mbali zaidi: kihisi chake husoma pikseli zote kwa mara moja, hivyo mstari ulionyooka wa kitu kinachokimbia haupindi hata kidogo, kama unavyopinda kihisi kinaposomwa mstari kwa mstari, na taa ya flashi inalingana na shata kwa kasi yoyote. Bei yake ni kwamba ISO ya chini kabisa ya kawaida inaanzia 250, si 100. Mpiga picha wa mandhari, anayeweka kamera kwenye tripodi na kuvuta vivuli kwenye kompyuta, hajali mstari unaopinda, anajali chembechembe. Kwake yeye kasi hii ni gharama ya kitu alichokiagiza mwingine. Kwa hiyo kihisi hakijawa hakimu asiyependelea. Ila upungufu wenyewe ni mdogo, unahitaji uivute sana faili ndipo uuone, ilhali kukosa kitazamio juani au kamera kujizima katikati ya hotuba ni upungufu usiohitaji maabara.

Katika hoja zinazotolewa kuitetea kamera ya mseto, dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: rekodi kila kitu kwa 8K, kisha chomoa picha unazozitaka, maana fremu moja ya 8K ina megapikseli 33. Tarakimu ni sahihi na hitimisho ni bovu. Fremu hiyo imepokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Mkono unaopungwa, bawa la ndege, mguu wa mkimbiaji vyote vimekuwa ukungu. Ukiamua kupandisha shata hadi 1/1000 ili picha ziwe kali, video yenyewe inaanza kurukaruka kama ya filamu za vita, na umeharibu kazi moja ili uokoe nyingine. Rangi zake mara nyingi zimebanwa na kodeki, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa faili ya video, kwa namna inayofaa kutazamwa zikiwa zinakimbia, si kuchunguzwa zikiwa zimesimama. Flashi haina nafasi. Umbo lake ni jembamba, na juu na chini ya tukio pamekatwa kabla hujaamua. Halafu kuna kuchagua: saa moja kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 90,000, na mtu anayesema atazipitia hajawahi kuzipitia. Kamera nyingi za sasa zina dawa bora zaidi katika upande wa picha mnato, nayo ni kuanza kuhifadhi fremu kabla kidole hakijabonyeza hadi mwisho, kila fremu ikiwa na shata ya kasi unayoitaka. Wenye kutetea kuchomoa picha kwenye video wanatafuta kamera isiyo na gharama ya kuvuka kwa kukataa kuvuka. Picha nzuri haiji kwa kurekodi mfululizo na kutumaini.

Hoja ya wanaoipinga kamera ya mseto ina uzito zaidi. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema. Nunua kamera mbili, kila moja ifanye kazi yake. Kwenye kazi yenye timu, ambapo mmoja anashika fokasi, mwingine sauti, na mpiga picha mnato ni mtu wa tatu kabisa, sina la kubisha. Huko hakuna anayevuka, na mwili wa C50 au FX3 una haki zake zote. Ipo filamu kubwa ya Hollywood ya 2023 iliyopigwa kwa sehemu kubwa na FX3. Lakini hoja hiyo hubadilika ukiwa na mtu mmoja kwenye harusi au mkutano. Kamera mbili shingoni ni uzito maradufu, betri aina mbili, na rangi mbili zitakazopaswa kulinganishwa usiku wa manane kwenye kompyuta. Zaidi ya hayo ni lenzi: tukio linapogeuka, lenzi unayoihitaji iko kwenye mwili mwingine. Hapa ndipo pacha wenye kihisi kimoja wanapoleta maana ambayo wapinzani wao hawakuiona. Z6III na ZR zikiwa kwenye begi moja zina lenzi zile zile na kihisi kile kile, na kuvuka kunakuwa kubadilisha kamera mkononi badala ya kubadilisha hali ndani ya kamera. Anayeweza kubeba zote mbili amepata jambo ambalo miaka kumi iliyopita lilimlazimu kuishi na koo mbili za rangi zisizoelewana.

Fokasi ya otomatiki sitaikalia sana, maana kwa kamera za leo imekoma kuwa kigezo cha kugawa washindi na washinde. Tangu Canon ilipoanza kuigawa kila pikseli mara mbili kwenye 70D ya 2013, njia ya kupima fokasi kwenye kihisi chenyewe imeenea, na hata Panasonic, iliyobaki nyuma muda mrefu, iliifuata kwenye S5 II mwanzoni mwa 2023. Lenzi ndizo zinazostahili maneno zaidi kuliko zinavyopewa. Lenzi nyingi za picha mnato hupanua au kufinya picha kidogo zinapohamisha fokasi, jambo lisiloonekana kwenye picha mnato hata kwa bahati mbaya, na kwenye video linaonekana kama chumba kinapumua. Baadhi ya kamera hulirekebisha kwa kukata kingo za picha, na Sony ilianza kufanya hivyo kwenye A7 IV. Kukata huko ni gharama nyingine ya kuvuka: lenzi yako pana imepungua upana bila kukuaga.

Kuna gharama ambayo hakuna maabara inayoipima, nayo hukaa kwenye vitufe. R5 C ni mfano mzuri kwa sababu ni ya uaminifu kuliko nyingine: ina swichi yenye upande wa picha na upande wa video, na ukivuka kamera inajiwasha upya kwenye mfumo mwingine kabisa, ikikuacha sekunde kadhaa na skrini tupu. Ukifika ng'ambo unapata menyu ya kamera halisi ya sinema. Ni kamera mbili zilizoshonwa mgongo kwa mgongo, na mtu anayejua hivyo atapanga siku yake ipasavyo. Hatari zaidi ni kamera inayovuka papo hapo lakini inabeba mipangilio ya upande mmoja kwenda mwingine. Umerekodi kwa 1/50, umegeuza swichi kwenda picha, na picha zote za kwanza ni ukungu kwa sababu shata imekufuata. Au umerudi kwenye video ukiwa na 1/2000, na hutagundua hadi uione kwenye skrini kubwa. Nyingi za kamera za sasa zinaruhusu pande hizi mbili zitenganishwe, shata kwa shata, rangi kwa rangi, tundu kwa tundu. Tatizo ni kwamba kipengele hicho kimezikwa ndani ya menyu na wahakiki wengi hawakifungui kabisa. Mimi ndicho ninachokitafuta kwanza kabla ya kuangalia kodeki.

Ukichukua mtazamo huu, ushauri wa kununua unageuka. Swali la kwanza linakuwa unavuka mara ngapi kwa saa. Anayevuka mara nyingi, mtu wa harusi, mwandishi wa habari, mtafiti porini, atafaidika zaidi na R6 Mark III au Z6III kuliko pacha zao, hata kama pacha zina faili bora zaidi za video, kwa sababu kitazamio na shata ya kimakanika ni vitu atakavyovigusa kila dakika na faili ya sinema ataihitaji mara chache. Anayerekodi kwa muda mrefu bila kukatiza, mahojiano, mihadhara, maonyesho ya jukwaani, anunue feni na asahau megapikseli. Anayepiga picha mnato kwa asilimia ndogo tu, za bango au za kumbukumbu ya eneo la kazi, ZR na C50 zinampa picha mnato za kutosha bila kumdanganya kwamba ni kamera za michezo.

Wahakiki nao wana deni. Canon, baada ya aibu ya R5, ilichapisha muda wa kurekodi ikitaja na joto la mazingira, nyuzi 23, na tangu hapo dakika za kurekodi zimekuwa sehemu ya mazungumzo. Muda wa kusoma kihisi katika kila hali ya kurekodi bado huachiwa watu wa kujitolea wenye taa za kupepesa na subira. Kamera ile ile inaweza kusoma upesi kwenye 4K ya fremu 60 iliyokatwa na kujivuta kwenye 6K ya kihisi kizima, kwa hiyo tarakimu moja kwenye tangazo haitoshi. Na muda wa kuvuka kutoka picha kwenda video, unaopimwa kwa saa ya mkononi tu, haupo popote.

Anayebaki pembeni ni mpiga picha mnato mtupu, asiyegusa kitufe chekundu cha kurekodi video mwaka mzima. Kila daraja la kati linalotoka sasa limejengwa kwa kasi ambayo yeye haihitaji. Kwake kamera kama Sony A7R V, yenye megapikseli 61 na kihisi kinachochukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kusomwa chote, inaonekana mbovu kwenye majedwali ya mseto na bado inamfaa kuliko zote zilizotajwa hapa, ilimradi atumie shata ya kimakanika. Kama watengenezaji wataendelea kuitunza njia hiyo ya polepole wakati soko zima linakimbilia vihisi vya matabaka, itategemea kama watu wa aina yake wataendelea kununua, na si kama kamera hizo zitashinda kwenye ulinganisho ambao hazikuundwa kuingia.